Deni la Hesabu

Mwaka 1956 vilitoka Marekani vitabu viwili vyenye majina mawili yaleyale kwenye jalada: James Neel na William Schull, wa Chuo Kikuu cha Michigan. Kimoja, walichoshirikiana na Frank Crowe, kilichunguza neurofibromatosi, ugonjwa wa kurithi unaootesha vinundu kwenye neva za mwili. Cha pili kilieleza habari za mimba na watoto wa Hiroshima na Nagasaki baada ya mabomu ya 1945. Msomaji wa mbali ataviona ni vitabu visivyojuana. Msomaji wa Katanga, Kongo, haimkai hivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa mabomu ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika ukanda uleule wa shaba unaofika Kolwezi. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya migodi ya Union Minière, alikuwa ameshasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likaja kuyanunua yakiwa ghalani. Walioangukiwa na bomu walihesabiwa mtoto kwa mtoto. Waliolichimba jiwe lake hawakuhesabiwa hivyo, wala wajukuu wao wanaochimba kobalti leo. Ninashikilia kwamba pengo hilo la hesabu ndilo linalofanya ugonjwa wa damu ya ukoo na sumu ya mgodi vichanganywe Kolwezi, na kwamba anayetafuta haki dhidi ya mgodi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai elimu ya kurithi.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale kuliko jina lake. Robert Smith wa Dublin aliuandikia kitabu mwaka 1849, na mwaka 1882 Friedrich von Recklinghausen wa Strasbourg akaonyesha kwamba vinundu vile vya ngozi huota kutoka kwenye neva. Kwa kawaida huanza na madoa. Mtoto huzaliwa nayo au huyapata katika mwaka wake wa kwanza au wa pili: mabaka bapa yenye rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, ambayo juu ya ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliokolea kidogo tu, na mama huyaona anapomwogesha karibu na dirisha. Mtoto mwenye madoa sita au zaidi, kila moja likizidi milimita 5, anastahili kuchunguzwa. Kwa mtu mzima kipimo ni milimita 15, upana wa ukucha wa kidole gumba hivi. Vidoadoa vidogo hutokea kwapani, mahali ambapo jua halifiki. Vinundu huja baadaye, wengi huvipata wanapobalehe, na kwa wanawake huweza kuongezeka wakati wa mimba. Ukikibonyeza kinundu cha aina hii kwa ncha ya kidole, hakikusukumi. Huzama ndani kama kifungo kinachopita kwenye tundu lake, na ukiondoa kidole kinarudi. Kinundu cha minyoo ya usubi ni kigumu na huteleza juu ya mfupa. Uvimbe wa ukoma katika sura yake nzito zaidi huwa umejaa bakteria. Vitu vitatu tofauti, na katika nchi yenye ukoma na usubi vidole vya mhudumu mmoja ndivyo vinavyotakiwa kuvitofautisha.

Crowe, Schull na Neel waligundua mambo mawili ambayo yamedumu. La kwanza, ugonjwa huu si adimu kama ulivyodhaniwa: humpata takriban mtu 1 katika kila 3,000, na hauchagui taifa wala rangi. Kwa mji wa watu laki tano au zaidi kama Kolwezi, hesabu hiyo inatoa wagonjwa wasiopungua 160, hata kama pasingekuwa na shimo moja la mgodi. La pili ndilo lenye uzito kwa hoja hii. Karibu nusu ya wagonjwa hawana mzazi mgonjwa. Jeni hubadilika upya katika mbegu, mara nyingi mbegu ya baba, kwa sababu mwanamume hutengeneza mbegu maisha yake yote na kila mara ya kunakili ni nafasi ya kukosea. Baada ya hapo mgonjwa huyo wa kwanza humrithisha kila mtoto wake kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Mwaka 1990 jeni yenyewe ilipatikana kwenye kromosomu ya 17. Kazi yake ni kuzuia seli zisizidi kukua, na nakala zote mbili zikipotea katika seli inayoifunika neva, uvimbe huanza. Ndugu yake, ugonjwa wa aina ya pili, hutoka kwenye jeni ya kromosomu ya 22 iliyopatikana 1993. Huu ni nadra zaidi, na huharibu neva za masikio yote mawili. Kijana anayepoteza usikivu katika mji wa baruti na mitambo ya kutoboa miamba atadhaniwa na kila mtu kwamba ameumizwa na kelele.

Ufahamu wa kurithi haukuwa mgeni katika eneo hili. Mwaka 1949 Neel alithibitisha kwamba mtoto mwenye selimundu huwa amepokea jeni kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwaka huohuo E. A. Beet, daktari wa serikali ya Rhodesia ya Kaskazini, alichapisha matokeo yaleyale kutokana na koo za Waafrika. Ugonjwa huo alikuwa ameuandikia tangu 1946 akiwa Balovale, wilaya inayoitwa Zambezi leo. Balovale ni nchi ya Waluvale na Walunda, watu ambao mpaka wa kikoloni uliwapasua na kuwaacha nusu upande wa Kongo, katika jimbo ambalo sasa linaitwa Lualaba, ambako Mwant Yav wa Walunda ana makao yake Musumba. Yaani misingi ya kusoma kurithi kwa Waafrika iliwekwa miongoni mwa majirani na jamaa wa watu wa Kolwezi, na mpaka mmoja tu katikati. Njia ya kazi hiyo ni watu: babu, mzazi, mtoto, wapimwe na wafahamike nani ni wa nani.

Sasa tazama Kolwezi ulivyojengwa. Mji ulianzishwa 1937 kuwa kitovu cha migodi ya magharibi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa 1906. Miaka ya mwanzo wafanyakazi walikuwa wakiletwa kwa mikataba mifupi na kurudishwa makwao. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadili njia: mume aje na mke, watoto wazaliwe kambini, wakue wawe wafanyakazi. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa miongoni mwa wabunifu wakubwa wa siasa hiyo. Kambi zikapata zahanati, vyumba vya kujifungulia na siku za kuwapima watoto uzito. Huduma hiyo ilikuwa ya kweli na iliokoa maisha. Wazee wa kambi hizo wanaoikumbuka kwa uchungu hawakuota. Lakini swali ambalo dawa ile iliuliza mbele ya kila mwili lilikuwa moja: huyu anaweza kazi, na mtoto huyu ataiweza? Mtu mwenye vinundu mgongoni na uti uliopinda alikuwa na jibu lake kabla ya kuulizwa babu yake ni nani. Na hata angeulizwa, babu alikuwa Kasai, au Maniema, au ng'ambo ya mpaka wa kusini. Kambi iliweka pamoja mume, mke na watoto, ikakiacha mbali kizazi cha juu ambacho ndicho kingeonyesha ugonjwa umetoka wapi.

Kilichofuata kilizidi kuzikata koo. Kampuni ilitaifishwa 1967, ikaja kuwa Gécamines. Mei 1978 vita viliingia Kolwezi na familia zikatawanyika. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na uzalishaji wa shaba ukaporomoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa mji huo, wakafukuzwa Katanga. Walijaa kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wengi walifia humo. Kisha mwaka 2003 Gécamines, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa malipo ya mara moja, na haki yao ya hospitali ya kampuni ikaisha. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amewaita watu hawa wana wa shaba walioachwa na baba yao. Kwa jicho la daktari wa kurithi, usemi huo una maana nyingine ya wazi: faili za zahanati zilizokuwa na majina ya baba, mama na watoto zilibaki bila mwenyewe, na watu walioandikwa humo wako Mbuji-Mayi, Lusaka, Lubumbashi au makaburini. Shangazi mwenye vinundu aliyepanda treni 1993 hayupo kumwonyesha mpwa wake kwamba ugonjwa ulikuwa nyumbani tayari.

Katika ukimya huo, mgodi ndio uliobaki kuwa maelezo ya kila kitu, na mgodi una sababu za kutosha za kushukiwa. Mwaka 2009 Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi, na wenzake akiwemo Benoit Nemery wa Leuven, walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia wana kobalti nyingi sana mwilini. Mwaka 2014 wakazi wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, walianza kuchimba ndani ya viwanja vyao wenyewe: shimo chini ya sakafu ya chumba, turubai juu yake, magunia ya mawe meusi mlangoni, na watoto wakicheza kwenye vumbi lililotoka chini. Watafiti walewale walichukua vipimo Kasulo na kuvichapisha 2018. Kobalti katika mkojo na damu ilikuwa juu mno kuliko ya mtaa wa jirani usio na mashimo, na kwa watoto kulikuwa na dalili kwamba DNA yao inadhuriwa. Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa Lubumbashi uliolinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana na wenzao 108 wasio nazo. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko yote lilikuwa kazi ya baba: wenye baba mfanyakazi wa migodini walikuwa na hatari iliyokadiriwa kuwa mara tano na zaidi.

Mbegu ya baba, tena. Ni rahisi sana kuunganisha nyuzi hizi mbili na kusema mgodi unazaa vinundu. Lakini zisome polepole. Kasoro zilizohesabiwa Lubumbashi zilionekana siku ya kuzaliwa, kama midomo iliyopasuka na uti wa mgongo ulio wazi. Vinundu vya neva havionekani siku hiyo. Dalili iliyopimwa kwenye mkojo wa watoto wa Kasulo ni mabaki ya ukarabati ambao mwili hufanya DNA inapoumizwa, na haisemi kwamba jeni yoyote ya kurithishwa imebadilika. Na makadirio yale ya mara tano yaliletwa na nambari ndogo, kiasi kwamba kwa hesabu ya watafiti wenyewe ukweli ungeweza kuwa karibu na mara moja au kufika mara 25. Waliyoyapata ni mazito, nami nayachukua kwa uzito huo. Hayatoshi kwa swali hili tu. Familia ya mchimbaji inayopata mtoto wa kwanza mwenye neurofibromatosi, bila mgonjwa mwingine katika ukoo, ina hali ileile inayozipata nusu ya familia za ugonjwa huo Norwei au Japani, kusikochimbwa kobalti ya Kasulo.

Jinsi ya kulipata jibu, Hiroshima ilionyesha. Japani ilikuwa na njaa baada ya vita, na mjamzito aliyefika mwezi wa tano alikuwa na haki ya mgao wa ziada wa chakula. Ili aupate alijiandikisha. Neel na Schull waliitumia orodha hiyo: kila aliyejiandikisha aliulizwa yeye na mumewe walikuwa wapi bomu lilipolipuka, na mkunga alipotoa habari za uzazi, daktari alimfuata mtoto nyumbani. Zaidi ya mimba 70,000 ziliandikwa. Watoto wa wazazi waliokuwa karibu na bomu walilinganishwa na wa wazazi waliokuwa mbali, na tofauti iliyoonekana haikuweza kutenganishwa na bahati nasibu. Pima ukubwa wa kazi hiyo kwa ugonjwa wetu. Ikiwa nusu ya mgonjwa 1 kati ya 3,000 hutokana na badiliko jipya, basi ni mtoto 1 kati ya 6,000. Katika watoto 70,000 utamtarajia mmoja kwa kila 6,000 hao, yaani 12 hivi. Ili kujua kama mgodi umeongeza idadi hiyo mara mbili, unatafuta tofauti kati ya 12 na 24. Uchunguzi wa wodi moja kwa mwaka mmoja hauwezi kuiona.

Hapa anasimama mpinzani wa kwanza, na ana haki ya kusikilizwa. Atasema: Hiroshima walihesabu, wakakuta hakuna kitu, wenye bomu wakashangilia, nanyi mnataka kuwapa wenye migodi zawadi hiyohiyo. Historia inasema vingine. Hesabu ileile ya makini ndiyo iliyothibitisha, mapema miaka ya 1950, kwamba saratani ya damu iliongezeka kwa walionusurika, na kwamba watoto waliokuwa tumboni siku ya bomu walizaliwa na vichwa vidogo na akili zilizodhoofika. Matokeo hayo hayakuweza kukanushwa kwa sababu waliohesabu walikuwa wameonyesha wako tayari kusema "hapana" mahali pengine. Huko Kolwezi anayenufaika na giza ni mwenye mgodi. Mlalamikaji akileta mgonjwa mwenye vinundu na kusema ni kobalti, wakili wa kampuni atahitaji daktari mmoja tu wa kueleza kromosomu ya 17, na shauri zima, pamoja na mapafu, maji na mashamba yaliyoharibiwa kweli, litaonekana limejengwa kwa uvumi. Kutenganisha la ukoo na la mgodi kunaiondolea kampuni kisingizio chake kizuri kuliko vyote.

Mpinzani wa pili ananipa kazi ngumu zaidi. Tume ya Wamarekani iliyofanya utafiti wa Hiroshima ililaumiwa kwa miaka mingi kwamba ilipima watu na haikuwatibu, na lawama hiyo ilistahili. Watu wa Katanga pia wamepimwa vya kutosha na wageni waliochukua damu na mkojo wakaondoka. Kwa hiyo daftari la watoto ninalolidai Kolwezi, kwa mfano wa orodha ile ya Hiroshima, halifai kufunguliwa bila matibabu, na kwa ugonjwa huu sehemu kubwa ya matibabu haihitaji mashine za mamilioni. Rula ya madoa. Taa ya kuangalia macho ya mtoto mdogo, maana uvimbe wa neva ya jicho huja mara nyingi kabla ya miaka saba. Kipimo cha presha kila mwaka, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kubana mshipa wa figo. Kumwambia mgonjwa kwamba uvimbe wa ndani ukianza kuuma au kukua ghafla aje upesi, kwa sababu takriban 1 kati ya wagonjwa 10 hupata saratani ya neva katika maisha yake. Dawa ya selumetinib, iliyoidhinishwa Marekani Aprili 2020 kwa watoto wenye uvimbe mkubwa usioweza kukatwa, iko mbali na mfuko wa Kolwezi, na kwa kuwa betri za dunia zinatoka chini ya sakafu za mji huo sioni aibu kuiweka kwenye orodha ya madai. Mpinzani huyu ataongeza kwamba malaria inaua zaidi. Ni kweli, na mhudumu yuleyule anayempima mtoto homa anaweza kumvua shati na kuhesabu hadi sita.

Limebaki la ulozi na aibu. Mtu mwenye mwili uliojaa vinundu hunong'onezwa, mtoto wake hukosa mchumba, mama huulizwa alifanya nini akiwa mjamzito. Wako wanaohofia kwamba neno "kurithi" litaongeza kuni kwenye moto huo, kwani mgodi angalau ni wa kampuni, na damu ni ya nyumbani. Hofu hiyo naielewa, na kwa selimundu imeshavunja ndoa. Lakini uvumi haujamlinda mama hata sasa, na elimu ina jambo la kumwambia mkwe wake: hakula chochote kibaya, hakurogwa, na pale ambapo hakuna mzazi mgonjwa, badiliko lilitokea mara nyingi zaidi upande wa mume, bila kosa la mume. Kinshasa wapo madaktari wa kurithi, na chuo kikuu chao kina kituo cha kazi hiyo. Kati yao na Kolwezi kuna zaidi ya kilomita 1,000, na swali la familia haliwezi kusafiri umbali huo kila linapoulizwa.

Daftari lingeanzia kwa wakunga, kama Japani: jina la mama, kijiji cha bibi wa pande zote mbili, kazi ya baba na mahali alipochimba, kisha nafasi tupu za miaka inayokuja. Nafasi hizo ni za lazima. Madoa yangejazwa mtoto anapoletwa kwa chanjo, macho anapoanza shule, na vinundu baadaye kabisa. Mtoto aliyezaliwa Kasulo mwaka 2014, nyumba ya kwanza ilipotobolewa sakafu, ndiyo kwanza anaingia umri ambao vinundu huanza kujitokeza.